Makuta yajulikane kwa vidole pia



Kuna haki moja ambayo hautaisikia mu hotuba ya mwanasiasa yeyote: haki ya kila raia kujua, yeye mwenyewe, ni makuta ngapi iko mu mukono wake. Wewe mwenye unaona, unaitumia haki hiyo kutoka asubui mpaka magaribi bila kuifikiria. Unalipa motari, unanunua unga na sombe, unapokea makuta ya kurudisha, unatia mfukoni. Macho imemaliza kazi. Lakini kwa ndugu yetu kipofu, kazi yote hiyo inafanywa na kuamini. Anapashwa kuamini motari, kuamini muuzaji, kuamini mupita njia. Na sisi tunajua vile mambo inaendaka wakati raia analazimishwa kuamini tu, bila njia ya kuhakikisha. Tumeona hivyo ku uchaguzi. Tumeona ku kodi. Tumeona ku mikataba ya madini. Leo tunataka tuangalie ku noti.

Fanya jaribio moja nyumbani. Chukua noti ya 500, ya 1000, ya 5000 na ya 10 000. Umwambie mudogo wako azichanganye. Funga macho, kisha uzipange kwa vidole tu, kutoka ndogo mpaka kubwa. Kama umeshindwa, na wengi watashindwa, kumbuka kama wewe uko umekaa ku kiti, mu nyumba yako, hakuna mwenye kukuharakisha. Sasa ujiweke mu soko ya Virunga, Goma, ao Kadutu, Bukavu. Mvua inaanza, watu wanasukumana, na mwenye kuuza anakuambia: « Mama, fanya mbio, wengine wanangoja. » Mu hali kama hiyo, mwenye kutoa 5000 akizania ni 500 amepoteza mara kumi. Na hatajua leo. Atajua kesho, wakati mutu mwingine atamwambia: « Hii yenye unanipa haitoshi. »

Noti zetu zinasema sana, lakini zinasema na macho. Ile ya 100 iko na tembo. Ile ya 500 iko na wachimbaji wa almasi. Kila moja iko na rangi yake na namba yake. Picha, rangi na namba, vyote hivyo ni lugha ya mwenye kuona. Na hapa kwetu hakuna hata sarafu za kununulia. Fasi zingine, kipofu anashika sarafu, anasikia uzito wake, anapitisha ukucha pembeni, anajua. Kwetu kila kitu ni karatasi, kutoka bonbon ya mutoto mpaka kodi ya nyumba.

Ndugu zetu vipofu hawakukaa tu kungoja. Wamejitafutia akili yao. Kuna mwenye anakunja noti ya 1000 mara moja na ya 5000 mara mbili. Kuna mwenye anatumia mifuko tofauti, ao anafunga makuta mu kitambaa kwa mafundo. Lakini hizo akili zinasaidia makuta yenye umekwisha kupanga. Hazisaidii makuta yenye unapokea sasa hivi kutoka mukono wa mutu mwingine. Ni pale kosa inaingilia, na ni pale mwizi anaingilia.

Kuna tena mambo ya noti zilizochakaa. Kila mutu anajua desturi ya soko zetu: noti yenye imepasuka, yenye iliunganishwa na skochi, yenye imekuwa nyeusi, watu wanaikataa. Dola ikiwa na katundu kadogo tu, inarudishwa. Sasa tujiulize bila kuficha: ile noti yenye wote wamekataa, inaishiaka mu mukono wa nani? Inaishia kwa yule hawezi kuiona. Kipofu anafika nyumbani na makuta ambayo kwa hesabu ni makuta, lakini ku soko si kitu. Goma na Bukavu tunaelewa hii hadisi vizuri. Mabanki ya Goma yalifunga milango mwisho wa Januari 2025, Bukavu ikafuata mu Februari. Noti zikaanza kuzunguka zile zile, mukono kwa mukono, mpaka zikalegea kama kitambaa cha zamani. Wenye macho tuligombana na wauzaji juu yake. Mwenye hana macho hakuwa hata na nafasi ya kugombana, kwa sababu hakuona kama amepewa mbaya.

Tuseme pia juu ya dola, maana inchi yetu inaishi na makuta mbili. Dola 1 na dola 100 ni karatasi za kipimo kimoja: milimita 156 urefu, milimita 66 upana. Kwa vidole, hakuna tofauti. Vipofu wa Marekani wenyewe walichoka. Mwaka 2002, shirika lao moja, American Council of the Blind, lilishitaki Wizara ya fedha ya inchi yao. Mwaka 2006 mahakama ilisema vipofu wana haki: makuta yenye hawawezi kutambua ni ubaguzi. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 2008 ikashindwa tena. Mwaka 2011 ikakubali mambo matatu: alama ya kugusa ku noti, namba kubwa zenye kuonekana wazi, na kamashine kadogo ka kusoma noti kwa sauti, kanapewa kipofu bure. Lakini noti ya kwanza yenye alama ya kugusa, ile ya dola 10, ilipangiwa mwaka 2026. Tangu rufaa mpaka pale ni miaka 18. Tunatoa mufano huu kwa sababu moja: mwenye anachapa makuta bila kufikiri vipofu, kuja kutengeneza nyuma kunamuchukua miaka na miaka. Kazi hii inapashwa kuwekwa mwanzoni, siku noti inachorwa.

Na wale walioiweka mwanzoni waliweza. Wakati noti za euro zilitoka mwaka 2002, wachoraji walikuwa wamekwisha kuongea na mashirika ya vipofu ya Ulaya. Kila noti iko na kipimo chake: ile ya 5 ni ndogo, na vile bei inapanda, karatasi nayo inaongezeka. Mu Australia, noti zilikuwa na vipimo tofauti, lakini hiyo haikutosha. Kijana mmoja kipofu, wa miaka 13, alipewa makuta ya Noeli na hakuweza kujua ni ngapi. Alianzisha barua ya kukusanya sahihi, watu zaidi ya 50 000 wakatia yao. Mwaka 2016 noti ya dola 5 ikatoka na vidutu vya kugusa, na kufika mwaka 2020 noti zote tano zilikuwa navyo. Ile kazi haikuanzishwa na waziri, ilianzishwa na mutoto wa shule. Kenya nao, wakati walibadilisha noti zao mwaka 2019, waliweka alama zilizoinuka kwa ajili ya wasioona. India, tarehe 1 Januari 2020, Banki Kuu yao ilitoa programu ya simu yenye kusoma noti na kutaja bei kwa sauti, na inafanya kazi hata bila intaneti.

Kwa hiyo njia ziko, na hazina uchawi. Ya kwanza ni kipimo: kila noti iwe na urefu wake, na tofauti iwe ya kutosha vidole viisikie. Uzuri wa kipimo ni kwamba hakichakae. Noti inaweza kulegea, inaweza kuwa chafu, urefu wake unabaki. Ya pili ni alama iliyoinuka: mistari ao vidutu pembeni, moja kwa noti ndogo, mbili kwa yenye kufuata, na kuendelea. Wachapaji wa noti wanajua hiyo kazi. Wanachonga sahani kwa undani, wino inasimama juu ya karatasi. Tupitishe ukucha juu ya dola mupya, tutasikia. Ubaya wake ni kwamba inaisha na mikono ya watu, njo maana haifai kutumiwa peke yake katika inchi yenye noti inazeekea mu soko. Ya tatu ni namba kubwa, nyeusi juu ya nyeupe ao kinyume chake, kwa wale wenye kuona kidogo. Na hao ni wengi: mama mwenye mutoto wa jicho, baba mwenye glokoma, tate mwenye macho imechoka. Kuandika braille hakutoshi, kwa sababu wengi walipoteza macho wakiwa wakubwa na hawakupata nafasi ya kuisoma. Alama iwe nyepesi, yenye mutu anaweza kufundishwa kwa dakika tano ku redio.

Wengine watatuuliza: hao vipofu ni wangapi? Swali hilo linawageukia wenye kuongoza inchi. Kongo haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984. Lakini tunajua kama inchi yetu ni moja ya zile zenye kusumbuliwa sana na onkoserkose, ugonjwa wa upofu wenye unaletwa na vinzi vya karibu na mito. Tunajua pia kila siku ku barabara tunapishana na mzee mwenye fimbo, na mutoto anamutangulia. Yule mutoto anapashwa kuwa ku shule. Lakini ni yeye macho ya baba yake, ni yeye anasoma noti. Kama noti ingesomwa kwa vidole, hiyo peke yake haingemurudisha mutoto darasani, lakini sababu moja ya kumuzuia ingeondoka.

Na sheria? Sheria iko. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kwa artikle ya 49, inasema mutu mwenye kuishi na ulemavu ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 inchi yetu ilijiunga na mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Artikle yake ya 12 inaomba serikali zihakikishe kama watu hao wanatawala mambo yao ya makuta sawa na wengine. Tarehe 3 Mei 2022, sheria organike namba 22/003 ilitiwa sahihi, kwa kulinda na kuinua haki za mutu mwenye kuishi na ulemavu. Kwa hiyo hatuombe sadaka. Tunaomba sheria ishuke kutoka ku karatasi ya Gazeti la serikali, ifike ku karatasi ya noti.

Tunajua majibu yenye yatakuja. Tuyajibu mapema.

« Inchi iko mu vita, ninyi munaongea mambo ya noti. » Ndiyo, inchi iko mu vita, na sisi hatungoje mutu atukumbushe. Lakini vita ndiyo inafanya jambo hili liwe la haraka. Familia imekimbia, imetawanyika. Dada mwenye alikuwa anahesabia kaka yake makuta, leo iko kambi ingine. Na musaada ukija kwa noti, kipofu anapanga mustari sawa na wengine, anapewa bahasha, na kutoka pale ni Mungu tu anajua kama yote itafika nyumbani.

« Watu wetu wako na roho nzuri, hawawezi kuibia kipofu. » Wengi wako na roho nzuri, ni kweli. Tunawaona mama wa soko wenye wanahesabu kwa sauti, noti moja moja, bila kuombwa. Tunawashukuru. Lakini roho nzuri ya muuzaji si haki ya munuzi. Leo iko, kesho umepata mwingine. Na hata kwa yule mwema, kipofu anabaki na deni ya kushukuru kila mara ananunua chumvi. Wewe unashukuru nani juu ya kujua makuta yako?

« Siku hizi watu wanatumia simu. » Simu inasaidia, na mwenye kuwa na ya kisasa inaweza kumusomea maandishi. Lakini wengi wako na kasimu kadogo ka kubonyeza, kasikoongea. Mwenye simu hiyo anamupa ajenti ao jirani simu yake pamoja na namba yake ya siri. Huyu hajapata uhuru. Amepeleka funguo ya nyumba yake kwa mutu mwingine. Na umeme ukikosa, ao rezo ikianguka, tunarudi wote ku noti.

« Itakuwa bei kali. » Noti inachapwa kila wakati, kwa sababu inachakaa kila wakati. Banki Kuu ya Kongo iko na kiwanda chake, Hôtel des Monnaies, pale Kinshasa. Hatuombe wachome noti zote kesho. Kubadilisha kipimo kunagusa mashine za kuhesabu na za kutolea makuta, tunaelewa, na hiyo inapangwa polepole. Lakini kuweka alama iliyoinuka na namba kubwa ku noti mupya, wakati inachorwa, ni uamuzi wa mutu mwenye kukaa mbele ya meza. Anapashwa tu kuwa amekumbushwa, na ni kazi yetu kumukumbusha.

Kwa hiyo, sisi vijana tunaomba mambo haya, na tutayafuata:

1. Banki Kuu ya Kongo, ambayo kwa artikle ya 176 ya Katiba ndiyo yenye kutoa makuta ya Republika, itangaze wazi: hakuna noti mupya itatoka bila alama ya kugusa na namba yenye kuonekana na mwenye kuona kidogo. Na siku kipimo kitabadilishwa, kila noti iwe na yake.

2. Mashirika ya vipofu yaitwe wakati noti ingali mu mchoro, si siku ya sherehe. Washike noti za jaribio kwa mikono yao, za mupya na za kuchakaa, waseme hii inasikika, hii haisikike. Neno lao liandikwe na lifuatwe.

3. Kila noti ikitoka, alama zake zielezwe ku redio, katika Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba. Afishi ku ukuta wa banki haimusaidii mwenye hawezi kuisoma.

4. Noti zilizochakaa ziondolewe na zibadilishwe bila mutu kukatwa franka hata moja, miji yote, na pale vita imefunga banki, itafutwe njia. Raia hapashwe kulipa juu ya karatasi kuzeeka.

5. Serikali na Bunge watuambie sheria ya 2022 imefikia wapi kwa mambo ya makuta: nani anapashwa kufanya nini, na mbele ya tarehe gani.

6. Makampuni ya makuta ya simu yaweke njia ya sauti, ili kipofu asikie kiasi na aweke namba yake ya siri peke yake.

Na wakati tunangoja, kuna yenye tunaweza kufanya sisi wenyewe, kuanzia leo jioni. Ukimurudishia kipofu makuta, taja kila noti kwa sauti: « Hii ni elfu moja, hii ni mia tano. » Muwekee mu kiganja moja moja, anza na kubwa. Mungoje azipange kama anavyotaka. Usimunyanganye noti mukononi ili umusaidie; uliza kwanza. Usimupe yenye imepasuka ukizania hataona. Na ukiona mwingine anafanya hivyo, ku taxi, ku butike, ku soko, usinyamaze. Motari, kambiste, mama muuzaji, ajenti wa makuta ya simu: zungumzeni hayo mu mashirika yenu, muyafanye desturi ya kazi.

Ninyi wenye muko ku shule na ku chuo, ulizeni wenzenu wasioona namna wanapanga makuta yao. Waombeni waseme wenyewe; sisi tubebe sauti, tusiichukue fasi yao. Ninyi wa redio za jamii, wafungulieni mikrofoni. Ninyi wanasheria vijana, fungueni ile sheria ya 2022, tuandike barua kwa Banki Kuu pamoja na mashirika ya vipofu, kila muji barua yake, na tuombe jibu la maandishi.

Ku kila noti ya Kongo kuna sahihi ya Gavana wa Banki Kuu. Ile sahihi ni ahadi ya Republika kwa mwenye kuishika, yeyote awe. Haikuandikwa pale kama ni kwa wenye macho tu. Basi tumuombe mwenye kutia sahihi aifanye noti ijulikane na kila mukono utakaoishika. Na tusichoke kuomba mpaka siku mama kipofu wa Kadutu atapokea makuta yake, apitishe kidole, aseme: « Umenipunguzia mia tano. »